Uzito wa Utani

"Huyu Pazi naye kazidi. Lakini afadhali yeye kuliko yule wa kabla yake."

"Afadhali nini? Wote ni walewale."

"Mimi nasema apewe muda."

"Muda gani tena, kwani anachemsha makande?"

Mwantumu Kondo alivua hedifoni, akapangusa jasho masikioni kwa upindo wa mtandio, akazivaa tena. Sauti hizo zilitoka kwa kinyozi wa stendi ya Mzengule na wateja wake. Baada yao zingekuja za saluni ya akina mama karibu na soko, kisha za mafundi baiskeli, kisha za foleni ya zahanati. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, miaka nenda miaka rudi: kuwasikiliza watu wasiomjua wakisema mambo wasiyoyafikiria sana juu ya watu wanaowaongoza. Ungemwuliza nini kinachomchosha zaidi, asingesema ni wingi wa maneno. Angesema ni kufanana kwake.

Nchi iliachana na kura Mwantumu akiwa bado msichana. Uchaguzi ulikuwa umekula fedha, umekula usingizi, na safari nyingine umekula watu. Ndipo wataalamu walipokuja na hoja ambayo kila mtu aliiona ya maana: mtu akiulizwa rasmi, hudanganya, akipiga soga, husema. Basi asiulizwe. Asikilizwe tu. Sheria ya Gumzo ikapitishwa kwa makofi, na visikio vikaanza kubandikwa kila penye watu, vitu vidogo vya rangi ya udongo, ukubwa wa kifungo cha koti, vyenye kijitaa kimoja pembeni.

Kisikio hakikujali jina la mtu. Kilipima wepesi wa neno: pumzi ilivyokwenda, moyo ulivyopiga, mtu alivyosita au asivyosita. Neno lililomponyoka mtu bila kujiandaa lilipewa uzito mkubwa, na kijitaa kikawaka kijani. Neno lililopangwa, lenye harufu ya hotuba, lilipewa sifuri. Kila Ijumaa adhuhuri uzito ulijumlishwa, na kiongozi aliyeshuka chini ya mstari alikabidhi ofisi kabla jua halijazama. Hakuna kampeni, hakuna mabango, hakuna mabomu ya machozi.

Lilikuwa wazo zuri, na Mwantumu aliliamini kwa moyo wote alipoajiriwa. Tatizo ni kwamba siasa, ambayo zamani ilikuwa na msimu wake kama mvua, sasa ilinyesha kila siku. Kata ya Mzengule ilibadilisha wenyeviti mpaka walimu wakaacha kuwafundisha watoto majina yao. Kila aliyeingia alianza jambo lake, akaondolewa kabla halijafika popote, na aliyemfuata akaanza la kwake. Watu nao wakajifunza. Kijiwe kilichomwangusha mwenyekiti kilijulikana tu, hata kama majina hayakujulikana, na mwenyekiti mpya alipogawa taa za barabarani alikiruka, asije naye akaangushiwa palepale. Basi vijiwe vingi vikahamia kwenye mpira. Vilivyobaki kwenye siasa vilisema "wote ni walewale," maneno ambayo mashine ya kujumlisha uzito ilifundishwa kuyatupa kwa sababu hayakumlenga mtu.

Kilichoishinda mashine kabisa kilikuwa kicheko. Mtu anayecheka hupumua ovyo na moyo wake huenda mbio bila sababu, kisikio kikashindwa kujua anasema au anacheza. Maneno ya namna hiyo yalipelekwa kwa wapembuzi, watu wenye damu na nyama kama Mwantumu, ambao waliandika moja kati ya mawili: kauli au mzaha. Na uamuzi wa mpembuzi haukuishia pale. Mashine iliuchukua kuwa kielelezo, na kuanzia siku hiyo nchi nzima ilipimwa kwa kielelezo hicho. Ndiyo maana wapembuzi walivalishwa bangili nyeusi iliyofuta sauti zao katika kila kisikio, ili anayepima asipimwe. Mwantumu hakuwa amesema neno lenye uzito tangu aivae, na siku hizi hakukumbuka hata kama aliwahi kutamani kusema.

Asubuhi hiyo, baada ya kinyozi, ilimjia sauti anayoijua.

"Jeneza halipiti! Nimesema halipiti!"

Alikaa sawa kwenye kiti. Huyo alikuwa Bi. Nyamizi wa mtaa wa Makambini, Mnyamwezi, mtani wa mama yake tangu Mwantumu hajazaliwa. Na msiba huo aliujua: ulikuwa wa mzee Pazi, baba yake Rehani Pazi, mwenyekiti wa kata. Mwantumu hakwenda kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kuachwa peke yake. Kisikio kilibandikwa kwenye mwimo wa mlango, kama sheria ilivyotaka palipo na mkusanyiko, na kilikuwa kimenasa kila kitu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana kazi yake. Humwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Huwatukana wafiwa mpaka waliozimia kwa kilio wazinduke kwa kicheko. Hulala kizingitini jeneza lisitoke mpaka alipwe anachodai, na mfiwa hana njia ila kulipa, tena bila kununa. Mashine haikufundishwa hayo, kwa sababu walioiunda hawakuwa na watani.

"Kuku wangu yuko wapi?" Bi. Nyamizi alikuwa akipayuka. "Mzee Pazi, nenda baba, kapumzike, umetuachia mwizi! Mwenyekiti kala mabomba yetu! Mpasueni tumbo hilo, mtakuta koki!"

Umati mzima ukaangua kicheko.

"Sisi wapagazi tumezoea! Babu zetu walibeba pembe, sisi tunabeba ndoo. Yeye anaoga mara tatu kutwa na bado ananuka. Haya, nani kamloga?"

Kicheko tena, na vigelegele. Kisha sauti yake ileile chinichini, karibu kabisa na kisikio, bila kicheko hata kidogo:

"Maji, Rehani. Maji tu."

Vicheko vya watu vikamfunika.

Mashine iliandika kwenye kioo: Uzito mkubwa usio wa kawaida. Kicheko kipo. Kauli au mzaha? Chini yake iliongeza, kwa adabu zake zote, kwamba uamuzi wa kauli ungemshusha Mwenyekiti Pazi chini ya mstari Ijumaa hiyo. Mwantumu alirudia kusikiliza yale maneno ya mwisho, akarudia tena, akayaacha bila kuyaamua, akaenda nyumbani.

*

Rehani Pazi alikuwa ameshafika kabla yake. Alikaa barazani kwenye mkeka, ndevu za msiba hazijanyolewa, karibu na Bi. Kibibi, mama yake Mwantumu. Bi. Kibibi alikuwa amelala chali, amekwisha mwili, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyeletewa umbea mlangoni.

"Huyu kasema kaja kunijulia hali," alimwambia bintiye. "Mwongo. Kaja kwako."

"Mwenyekiti, unajua sitakiwi kuzungumza na wewe," Mwantumu alisema.

"Najua, dada. Nazungumza na bi mkubwa." Pazi akamgeukia mama. "Bi mkubwa, wewe Mzaramo mwenzangu. Hivi mtu anahitaji kwenda chuo ndiyo ajue utani ni utani?"

"Nyamizi alimtukana baba yako vizuri?"

"Vizuri sana. Mpaka nikasahau kulia."

"Mimi atanitukana zaidi," Bi. Kibibi alisema kwa fahari. "Tumeahidiana. Mwantumu, nikitoka nyumba hii kimyakimya kama mpangaji anayehama, sitakusamehe."

"Mama, hufi leo."

"Nani kasema leo?"

Mwantumu akaketi. Alikuwa amechoka kiasi cha kuona hakuna haja ya kujifanya. "Bomba linaishia kwako, Mwenyekiti, au haliishii kwako?"

Pazi hakuzunguka. "Linaishia kwangu. Nilipoingia nililikuta limelala mtaroni, limetelekezwa na wenyeviti wote walionitangulia. Nimelivuta. Nyumba yangu iko njiani, basi limefika kwangu. Kutoka hapo hadi Makambini si mbali. Lakini nikilifungua huko leo, presha inashuka mjini, mji unanung'unika, na Ijumaa natoka. Atakayekuja atalifunga ili apendwe. Nangoja tanki jipya. Nikiachwa mpaka tanki lije, kila mtu atapata."

"Umewaambia hivyo watu wa Makambini?"

"Niwaambieje? Nikisimama kusema ni hotuba. Hotuba ni sifuri."

"Sijakuuliza uzito. Nimekuuliza kama umewaambia."

Pazi alitazama viganja vyake. "Na wao hawajaniambia mimi. Tangu nishike ofisi hii hakuna mtu aliyefungua mdomo akaniambia jambo usoni. Nasomewa namba, dada. Msibani kwa baba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza."

"Ukajibu nini?"

"Nililipa kuku," Pazi alisema.

Bi. Kibibi alicheka mpaka akakohoa, na Mwantumu akamwinua, akamnywesha maji. Pazi aliaga bila kuomba kitu kingine. Mwantumu alitamani Pazi awe mwizi kweli, mwizi wa kawaida mwenye gari na kiburi. Ingemrahisishia kazi.

*

Kesho yake jioni alikwenda Makambini kwa miguu. Bomba la mtaa lilisimama katikati ya uwanja, limejengewa saruji nzuri, na mtu alikuwa ametundika mfuko wa mlenda kwenye koki yake. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka bondeni na ndoo vichwani. Hawakulitazama lile bomba, kwa jinsi walivyolizoea.

Bi. Nyamizi alikuwa nje ya nyumba yake anapeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mzaramo anatembea kwa miguu! Ngoma iko wapi leo, au umepotea njia?"

"Nimekuja kwako, bibi. Msibani kwa mzee Pazi…"

"Nilimtendea haki, eh? Baba wa watu alikwenda kwa raha."

"Yale maneno ya maji," Mwantumu alisema. "Ulikuwa unatania, au ulikuwa unasema kweli?"

Ungo ukasimama. Kuna maswali ambayo mtu hayaulizi, na hilo hata watoto wa Mzengule walijua kwamba haliulizwi. Mwantumu alilijua vizuri kuliko wote, kwa maana alilelewa kati ya wanawake wawili waliotukanana kila siku ya maisha yao na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake ana maana gani.

"Kibibi alikuzaa yeye kweli?" Bi. Nyamizi aliuliza, na safari hii hakukuwa na mchezo. "Mtani haulizwi hivyo."

"Najua, bibi. Lakini lazima niandike moja."

"Basi sikiliza. Nikikwambia nilisema kweli, ina maana nilikwenda kumtukana mfiwa mbele ya maiti ya baba yake. Mimi si mtani tena, ni adui, na siku nikifa Wazaramo hamtakuja kunitukana. Nikikwambia nilitania, basi hii kiu yetu ni mchezo." Alionyesha kwa kidevu wale wanawake wa ndoo. "Neno la utani unalitupa unaondoka. Mtu anacheka, anakwenda kwake, huko linaanza kumkereketa. Linamkereketa yeye peke yake, hakuna anayemwona, kwa hiyo hana haja ya kukasirika. Anaweza hata kutengeneza. Ninyi mnataka kulipasua muone ndani kuna nini."

"Nikiandika kauli, Pazi anaondoka, bomba linabaki hapohapo lilipo, na kila mtani nchi hii ataogopa kufungua mdomo. Nikiandika mzaha, Pazi anabaki. Huenda tanki likaja."

"Na sisi?"

"Ninyi mtaendelea kutania."

Bi. Nyamizi akaurudia ungo wake. "Haya," alisema. "Asante kwa ruhusa."

*

Ijumaa asubuhi Mwantumu aliandika mzaha. Alijiambia anaulinda utani. Alijiambia tanki litakuja. Zilikuwa sababu nzuri, na hakuna iliyomwondolea ile sauti ya chinichini sikioni.

Adhuhuri Pazi alibaki juu ya mstari, kidogo tu. Mkuu wa kituo cha wapembuzi alimpongeza Mwantumu mbele ya wenzake kwa kuelewa mila, na kielelezo kikaenda nchi nzima: matamshi ya watani msibani ni mzaha, hayana uzito. Redio ilikisoma kati ya bei ya mbolea na matokeo ya mpira. Visikio navyo vikaongezewa kitu kipya. Kikishanusa utani, kijitaa kiliwaka cheupe, ili wananchi waone wenyewe kwamba wako huru kutania.

Tanki halikuja. Wiki zikapita, Pazi akaendelea kungoja, mji ukaendelea kuoga, na Makambini wakaendelea kwenda bondeni. Kwenye hedifoni za Mwantumu watu walisema apewe muda, wakasema wote ni walewale, wakahamia kwenye mpira.

Bi. Kibibi alifariki alfajiri moja, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa bintiye. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa la jana yake, alipouliza kama Nyamizi ameshaambiwa ajiandae.

*

Msiba ulijaa. Afisa wa mtaa alikuja mapema na rambirambi na kisikio, akaomba radhi kwa usumbufu, akakibandika kwenye mwimo wa mlango. Akina mama walikaa ndani, wanaume nje chini ya maturubai. Rehani Pazi alikuja akajipanga na watakaobeba. Na kabla chai haijaisha, watani wa Makambini wakaonekana njiani, kundi zima, Bi. Nyamizi mbele. Mwantumu aliwaona kupitia dirishani na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akapumua. Sasa ingeanza.

Haikuanza. Bi. Nyamizi aliingia, akampa mkono, akasema pole na msiba, akaketi ukutani na kujifunika kanga kichwani. Wenzake wakafuata vivyo hivyo. Walilia kwa adabu, kama watu waliokuja kwa kazi.

Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, dua ikasomwa, na watani kimya. Wanaume walipoingia ukumbini kulichukua jeneza, Mwantumu alimfuata Bi. Nyamizi akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, wanamtoa."

"Naona, mwanangu."

"Hujasema kitu."

"Nimesema pole."

"Mtukane," Mwantumu alisema, na sauti ikampasuka. "Mtukane mama yangu. Mliahidiana. Tafadhali, bibi."

Bi. Nyamizi alifunua uso. Alikuwa amelia kweli, macho yamevimba. "Juzi nilikuwa kwenye msiba wa Wazaramo wengine, huko sokoni," alisema. "Nikafungua mdomo. Kile kidude kikawaka taa nyeupe. Watu wakakitazama, kisha wakanitazama mimi, kisha wakacheka kwa heshima. Kwa heshima, Mwantumu! Nilijiona nimevaa sare ya serikali. Tangu lini mtani akapewa kibali? Nikakaa chini. Sisimami tena mbele ya kidude hicho, hata kwa Kibibi."

Mwantumu aliinuka. Mama mmoja jirani alikuwa na kisu cha vitunguu mkononi. Mwantumu akakichukua bila kuomba, akaenda mlangoni, akaanza kukibandua kisikio. Kilikuwa king'ang'anizi. Kilipotoka kilitoka na kipande cha chokaa. Wote waliokuwa ukumbini waliona, na wa nje pia waliona, afisa wa mtaa akiwa miongoni mwao. Mwantumu alikidumbukiza kwenye ndoo ya kusuuzia vikombe. Kikawaka kijani, kikawaka cheupe, kikazima. Alijua kwamba Jumatatu hana kazi, na huenda yakamfika makubwa kuliko kukosa kazi. Alikuwa amechoka mno kuogopa.

Jeneza lilikuwa limeshafika mabegani mwa watu.

"Nani kasema Kibibi kafa?"

Bi. Nyamizi alikuwa amesimama, kanga imefungwa kiunoni.

"Nawauliza, nani kasema kafa? Mvivu huyu! Mimi namjua. Kajilaza tu asije akatumwa maji! Mzaramo gani mlimwona anakufa kabla ngoma haijaisha?" Alipita katikati ya watu akichechemea, mkono mmoja kiunoni, akitikisa kichwa kwa madaha, na alikuwa Bi. Kibibi mtupu, anakwenda sokoni siku yoyote ya maisha yake. "Hajui kupika huyu! Nimekula mchuzi wake miaka yote, ndiyo maana sina meno!"

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo, akatazama mwimo wa mlango, akaona hakuna taa. Akacheka vizuri. Wengine wakamfuata, na watani wengine wakaruka juu, na nyumba ikajaa kelele. Bi. Nyamizi alifika kizingitini akajilaza kukipinga, urefu wake wote.

"Jeneza halipiti!"

Pazi alikuwa bega la mbele. "Kuku?" aliuliza, kama desturi ilivyotaka.

"Kuku ana kiu, Mwenyekiti. Nikampe nini anywe?"

Kicheko kilitoka mpaka nje kwenye maturubai.

"Leo sitaki kuku. Nataka maji Makambini. Kama hamna, mrudisheni Kibibi kitandani, maana mimi hapa nimefika."

Kwa mazoea Pazi alitupa jicho kwenye mwimo wa mlango kutafuta taa. Palikuwa na shimo dogo la chokaa.

"Hakuna wa kukuhesabia hapo," Bi. Nyamizi alisema kutoka sakafuni. "Jibu kwa mdomo."

Jeneza lilikuwa linaelemea, na hakuna aliyeruhusiwa kulitua. Pazi aliinamisha kichwa, akafikiri, na Mwantumu aliona jasho likimtoka kwenye zile ndevu alizokuwa bado hajazinyoa vizuri. Hatimaye aligeuza shingo kuwatazama watu wa mjini waliokuwa nyuma yake.

"Nikilifungua Makambini, presha inashuka mjini," alisema. "Mtapata kwa zamu. Mtanichukia."

"Tutakuchukia," mtu akajibu.

Mwantumu aliijua sauti hiyo. Aliisikia kila asubuhi kwa miaka na hakuwahi kuona uso wake: kinyozi wa stendi, mwanaume mfupi mwenye kipara, mmoja wa waliolishika jeneza upande wa nyuma.

"Lakini njoo pale kwangu utuambie wewe mwenyewe, zamu ya nani, na kwa nini," kinyozi aliendelea. "Tukikutukana, tukutukane upo."

"Nitakuja," Pazi alisema. Akamrudia yule aliyelala mlangoni. "Maji yatafika kabla ya arobaini ya Bi. Kibibi. Wakinitoa, wanitoe yakiwa yanatoka. Nimesema."

"Yasipofika, nitakuja kulala mlangoni kwako, na wewe uko hai."

"Karibu."

Watu walidhani Bi. Nyamizi amemaliza. Hakunyanyuka. Alimgeuzia macho Mwantumu, aliyekuwa amesimama ukutani na kisu cha vitunguu bado mkononi.

"Bado huyu," alisema. "Kibibi, mwanao huyu mwenye masikio ya kuajiriwa! Mlimsomesha wapi? Nilimwambia kiu, akaandika kicheko!"

Wote wakacheka, na Mwantumu alicheka nao kabla hajajijua. Kisha neno likafika lilikokuwa linakwenda, na kilio alichokibana tangu alfajiri kikamtoka chote, mbele za watu, huku bado anacheka. Hakuwa na kuku wala kitu kingine karibu. Alivua bangili nyeusi, ambayo kisheria haikuruhusiwa kuvuliwa, akaiweka kwenye kiganja cha mtani wake.

Bi. Nyamizi aliigeuzageuza. "Ndiyo hii inayomfanya mtu asisikike?"

"Ndiyo, bibi."

"Vizuri. Nitamvalisha jogoo wangu. Anatuamsha mapema mno."

Akanyoosha mkono ainuliwe. Wanaume walikuwa na jeneza mabegani, kwa hiyo Mwantumu ndiye aliyemvuta, akasimama naye pembeni, na njia ikafunguka. Na Bi. Kibibi akatoka nyumbani kwake akitukanwa mpaka barabarani, kama alivyotaka.